Gari la Kumlaza Mama

Mimi ni fundi cherehani soko la Kwa Mrombo, na ukipita mbele ya kibanda changu naweza kukwambia kiuno chako bila kukugusa. Lakini Jumamosi ile, nimesimama nyuma ya gari dogo jeupe kwenye yadi moja barabara ya Nairobi, niligundua kwamba sijui urefu wa mama yangu mzazi. Kwa miezi minane nilikuwa nimemwona amelala tu.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani, fupi mbele, nyuma limesimama wima kama boksi la viatu. Viti vya nyuma vinalazwa, sakafu inakuwa bapa. Nilikuwa nimelitafuta gari la namna hiyo wiki nzima, na sababu yake ilikuwa moja. Mama alipasuliwa uti wa mgongo Moshi, na kila baada ya wiki mbili anatakiwa arudi kusafishwa kidonda. Kukaa hawezi hata dakika tano. Safari ya mwisho tulimkunja kwenye kiti cha nyuma cha teksi, na kila tuta kati ya Usa na Boma Ng'ombe alipiga ukelele mpaka dereva akazima redio. Tuliporudi akasema hakanyagi tena Moshi, na kliniki iliyofuata kweli hakwenda. Daktari akanipigia mwenyewe.

"Anjela," akasema, "akikosa mara mbili mfululizo, usije ukanidai mama wa kukaa wala kusimama."

Hiyo mara ya pili ilikuwa Jumatatu inayokuja. Nilikuwa nimepokea mgao wa kikoba, chama chetu cha kuweka akiba, na kuuza cherehani yangu ya umeme, nikafikisha milioni saba na laki saba. Gari lilikuwa milioni nane kamili.

Fundi wa magari niliyekwenda naye, Tajeu, aliingia uvunguni, akaguna huko chini kwa muda mrefu, kisha akapaza sauti kwamba gari liko vizuri. Wasiwasi wangu mimi haukuwa kwenye injini. Nilivua futi yangu ya kushonea shingoni nikaanza kupima sakafu. Futi ya fundi cherehani inaishia sentimeta mia na hamsini, na sakafu ilikuwa bado inaendelea kidogo. Nikaomba kamba. Khalfani, dalali wa pale yadi, ambaye nilikuwa nimeshamwambia nina saba na laki saba tu, akanipa kipande cha katani. Nikakivuta kutoka mgongo wa kiti cha mbele hadi mlango wa nyuma, nikapiga fundo mahali sakafu ilipoishia.

"Unapima nini, dada?"

"Mama yangu. Nataka alale hapa, anyooke vizuri, asiumizwe na..."

Mimi si mtu wa kulialia mbele za watu, ila wiki ile nilikuwa nimelala saa chache mno, machozi yakanitoka tu. Khalfani akaitazama kamba, akanitazama mimi, akavua kofia yake.

"Inna lillahi. Mnampeleka lini?"

"Jumatatu asubuhi. Moshi."

"Pole sana, dada yangu. Mimi wa kwangu nilimpeleka Kondoa kwa gari la kukodi, na wenye gari wakanipandishia bei kwa sababu waliona nina msiba. Nikaapa sitamfanyia mtu hivyo. Leta hiyo saba na laki saba yako. Laki tatu ni rambirambi yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilifungua mdomo nimwambie. Nawaapia, niliufungua. Kisha nikaona gari linaondoka na mtu mwingine, nikamwona mama ndani ya teksi, nikaufunga.

"Asante, kaka," nikasema.

Nikalipa nusu, nyingine nikaahidi gari likifika, nikaandika jina na mtaa kwenye karatasi zake. Akaniambia kesho mchana atalileta nyumbani mwenyewe likiwa limeoshwa. Nikamkatalia, nikasema nitalifuata. Hakutaka hata kusikia.

"Wewe una msiba, utaachaje watu nyumbani? Ila ukifika kapime. Ukiona sanduku haliingii, nipigie leo hii nikurudishie chako, kuna mzee wa Ngaramtoni analitaka."

Njia nzima nilikuwa na kamba ile mfukoni. Nilijiambia sikusema uongo. Sikusema neno lolote la uongo. Nilijiambia hivyo mpaka nikafika mlangoni, na bado haikunisaidia.

Mama alikuwa amelala sebuleni, chali, mdomo wazi kidogo. Nikaona ni heri nimpime akiwa usingizini kuliko kumweleza habari za gari kabla sijajua kama atatosha. Nikapiga magoti. Nikaweka ncha ya kamba utosini, nikaivuta taratibu juu ya shuka hadi miguuni. Fundo likaishia kwenye kifundo cha mguu. Vilibaki kama vidole vinne kufika kisiginoni. Nikaivuta tena, nikijidanganya labda sikuikaza vizuri. Vidole vinne vile vile. Nilipoinua kichwa, macho ya mama yalikuwa wazi, yananitazama.

"Umeanza lini kazi ya baba yako?" akauliza.

Inabidi niwaambie kuhusu baba. Mzee Ephraimu alikuwa seremala kule Nkoaranga, akitengeneza milango, vitanda, na majeneza ya watu wa kijijini. Futi yake ya chuma ilikuwa ya milango na vitanda. Maiti alimpima kwa kamba ya mgomba, kwa sababu alisema futi iliyompima marehemu hawezi kwenda nayo kupima kitanda cha maharusi. Kamba hiyo haikurudi nyumbani. Iliingia kwenye jeneza pamoja na yule iliyempima. Na aliyekuwa akimshikia kamba upande wa kichwa, miaka ishirini na zaidi, alikuwa mama. Yote haya nilikuwa nayajua tangu mdogo, na bado nilipiga magoti pale na kamba mkononi. Sijui akili yangu ilikuwa wapi.

"Mama, ni gari. Nimepata gari la kukulaza. Napima kama utaenea."

"Daktari alikupigia simu. Nilikusikia ukiongea naye nje kwa sauti ya chini. Alisema nini?"

"Alisema usikose kliniki."

"Na ndiyo maana unanipima."

"Mama, naapa..."

"Usiape. Nimeshika kamba hiyo kabla hujazaliwa."

Akageuza uso ukutani. Chai hakunywa, chakula cha jioni hakugusa. Akamwita jirani yetu Ummy, aliyepanga chumba cha pili, akamwelekeza kanga zake zigawiwe vipi na nani asipewe hata moja. Ummy akatoka akinitazama kwa macho ya kuuliza. Niliogopa vitu viwili kwa pamoja, na sijui kipi kilikuwa kibaya zaidi: kwamba gari halimtoshi mama, na kwamba mama ameshaanza kukubali kufa kwa sababu yangu.

Kumpigia Khalfani jioni ile nilishindwa. Nikimwambia haliingii, gari linakwenda Ngaramtoni na Jumatatu inanikuta mikono mitupu. Nikimwambia mama yu hai, laki tatu inarudi, nami sina hata elfu thelathini za kuongezea. Jumapili asubuhi nikajikaza nimwambie ukweli wote, lolote na liwe. Simu yake ikawa haipatikani. Nikapiga mara tano. Baada ya hapo nikawa nasikiliza kila gari linalopita barabarani.

Saa nane mchana mimi na Ummy tulikuwa tumemtoa mama barazani na godoro lake apate jua. Honi ikalia mara moja, kwa adabu. Kabla sijafika getini Khalfani alikuwa ameshaingia, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, mkono mmoja mfuko wa sukari na mwingine mchele. Akasimama. Akatafuta turubai, hakuona. Akatafuta viti na watu, hakuona. Mwisho akamwona bibi mmoja barazani, na akaenda kwake kama mtu mwenye malezi yake.

"Shikamoo mama. Poleni sana na msiba."

"Marahaba," mama akajibu. "Msiba wa nani?"

"Wa mama yake Anjela."

Mama akamgeuzia uso.

"Mama yake Anjela ni mimi," akasema.

Sitasahau uso wa Khalfani. Mfuko wa sukari ulimshuka polepole hadi sakafuni. Lakini uliotisha zaidi ulikuwa uso wa mama, kwa maana hakushangaa. Alitikisa kichwa kukubali tu, kama mtu aliyekuwa anangoja habari na sasa imefika.

"Unaona?" akaniambia. "Hata wageni wameshaambiwa. Mimi ndiye wa mwisho."

"Hapana!" Nilipiga kelele, na mimi kumpigia mama kelele sijawahi. "Hakuna aliyeambiwa! Alidhani umefariki, nikanyamaza kwa sababu alinipunguzia bei. Nilinyamaza kwa ajili ya laki tatu, mama. Daktari alisema ukikosa Jumatatu hutakaa tena, basi, hakuna kingine alichosema. Nilikuwa natafuta gari la kukupeleka ukapone."

Khalfani naye akapata sauti. "Dada, umenifanya nimwombee mtu aliye hai dua ya marehemu. Tangu jana!"

"Sikusema amefariki."

"Hukukataa!"

Alikuwa na haki. Nilikaa chini kwenye ngazi nikaficha uso. Nilimngoja aseme anaondoka na gari lake. Badala yake nikasikia mama anauliza, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipompima:

"Alikupunguzia laki tatu tu?"

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Mwanangu," akamwambia Khalfani, "sukari na mchele weka hapo, chakula hakirudishwi. Na laki tatu zako utapewa. Sipandi gari lililopunguzwa bei kwa kifo changu. Anje, fungua mto wangu."

Ndani ya foronya, chini ya sufi, kulikuwa na pesa zimefungwa kwenye kitambaa cha kichwa. Laki nne na kidogo. Nikamwuliza ni za nini.

"Za jeneza. Nilizitunza ili siku ikifika usihangaike kuchangisha. Mpe laki tatu. Sasa nibebeni nikaone hicho ulichokuwa unanipimia."

Tukashika godoro pembe zake, mimi na Ummy mbele, Khalfani nyuma na kanzu yake imekunjwa kiunoni. Mama aliuma meno lakini hakupiga ukelele. Tukamwingiza taratibu, kichwa mbele, ncha ya godoro tukiikunja kwa chini, hadi utosi ukagusa mgongo wa kiti. Na nje ya sakafu, kama kamba ilivyosema, zikabaki nyayo zake, vidole vinne. Khalfani alikuwa ameshika mlango wa nyuma juu, ananingoja. Hauwezi kufungwa. Mgongo hauruhusiwi kupinda, na kiti cha mbele kilikuwa kimeshasogezwa mpaka mwisho.

"Haliingii," nikasema. "Mama, haliingii."

"Nani kakwambia nitalala nimenyooka?"

Sikumwelewa.

"Baba yako alinipa upande wa kichwa nishike, yeye akibaki na magoti. Maiti wengine walikuwa wameshakauka, anayakandamiza kwa mikono miwili hadi yanyooke. Unajua kwa nini ilikuwa lazima awanyooshe yeye? Kwa sababu wao wenyewe hawakuweza kuyakunja wala kuyakunjua; mimi naweza." Akavuta pumzi. "Daktari alikataza mgongo. Magoti hakukataza."

Akaanza kuyakunja. Mguu wa kulia kwanza, polepole, jasho likimtoka juu ya mdomo. Kisha wa kushoto. Ummy alitaka kumsaidia, akamzuia kwa kidole. Nyayo zikarudi ndani sentimeta moja moja, zikavuka ukingo wa sakafu, zikatulia juu ya godoro.

"Funga," akasema.

Khalfani aliniachia mlango. Nikaushika, na nikashindwa. Vile vidole vinne havikuwa tatizo tena. Tatizo lilikuwa kumfungia mama yangu mlango akiwa amelala vile, baada ya yote niliyofanya.

"Anjela. Funga."

Nikaufunga. Vioo vya nyuma vilikuwa vyeusi, sikuona kitu. Nikazunguka mbio hadi dirisha la pembeni nikaweka viganja kwenye kioo. Magoti yake mawili yalikuwa yamesimama ndani ya kanga, juu kabisa.

"Mama? Uko sawa?"

"Kamba iko wapi?" akauliza kutoka ndani.

"Ninayo mfukoni."

"Isiingie humu."

Nikaitoa. Khalfani akanyoosha mkono aitupe, nikamwambia subiri. Nilitaka kwanza kulifungua lile fundo, na kwa jinsi nilivyokuwa nimelikaza, ilinichukua muda.