Nati Zilizokazwa kwa Vidole

Mdogo wangu tunamwita Profesa, na si kwa sababu amesoma. Ni kwa sababu tangu apate simu yenye video hakuna kazi asiyoijua. Simu ilimfundisha kuziba bomba, tukaoga kwa ndoo wiki nzima. Simu ilimfundisha kunyoa, na jirani aliyekubali kukaa kwenye kiti chake akawa havui kofia hata ndani ya nyumba. Kwa hiyo niliporudi nyumbani mchana kula, nikakuta tairi lenye pancha limeegemezwa ukutani na gari halipo uani, nilijua pa kuanzia.

Alikuwa sebuleni, miguu juu ya meza, anajipepea kwa gazeti.

"Gari liko wapi?"

"Baba kaenda nalo. Kamfuata mama hospitali."

"Na tairi nani kabadilisha?"

"Nani mwingine, dada?" Akajipiga kifua. "Tena peke yangu. Ungekuwepo ungenipa leseni."

Nilifurahi kidogo, nisimnyime haki yake. Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho na siku hiyo ndiyo aliyoruhusiwa. Baba alikuwa ameamka mapema kama bwana harusi, kapiga pasi suti, kapaka viatu rangi, halafu akatoka nje akakuta gari limelala upande. Angalau Profesa kamwokoa, nikajisemea, na nikatoka kwenda kunawa mikono bombani.

Uani, pale gari linapolala kila siku, jeki ilikuwa chini imelazwa. Kando yake ilikuwa spana ya magurudumu, kwenye mchanga, pale pale alipoiacha mtu aliyekuwa bado anaihitaji.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Kabla mwanafunzi hajashika usukani wangu, namfundisha kubadilisha gurudumu, na namrudisha mpaka achoke. Gari likiwa juu ya jeki, nati unazikaza kwa vidole tu, gurudumu likae sawa. Unashusha gari. Ndipo unachukua spana na kukaza kwa nguvu zako zote. Ukiruka hapo mwisho hukufanya kazi, umetega mtego.

"Profesa! Njoo hapa!"

Akaja anaburuta ndala.

"Ulipomaliza kushusha jeki, ulikaza nati kwa hii?"

"Kushusha jeki? Sikushusha mimi. Nilikuwa nimezipachika kwa mkono, kiu ikanishika, nikaingia ndani kunywa maji. Natoka, nasikia gari linaondoka. Baba kashusha mwenyewe."

"Na nani kakaza?"

"Si baba?"

"Baba kwa suti ile? Baba aliyekataa hata kukaa kwenye kochi asikunje suruali?"

Akaitazama spana, nami nikaelewa kilichotokea. Baba alitoka nje, akakuta gurudumu liko mahali pake, nati zote zimo, akadhani kijana kamaliza kaingia ndani. Akashusha jeki kwa ncha za vidole, akaondoka. Kila mmoja alijua mwenzake kakaza.

"Gurudumu gani?"

"La mbele. Kushoto."

Upande anaokaa mama.

Nilimpigia baba. Simu imezimwa. Nikapiga tena, ile sauti ya mwanamke ikaniambia hivyo hivyo kwa adabu zake, na nikatamani kumnasa kibao. Ni mimi niliyemfundisha baba kuzima simu kabla ya kuwasha gari. Nilimpigia kelele mpaka akaapa, na baba akiapa ameapa. Simu ya mama ilikuwa mkobani mwangu, kwa sababu mtu aliyefungwa bandeji machoni ataifanyia nini simu? Nikampigia nesi wa wodi yake.

"Ah, mama yenu! Ameshatoka. Mzee amekuja na viatu vinang'aa, mpaka wagonjwa wamempigia makofi. Wameondoka sasa hivi tu."

Basi walikuwa barabarani wote wawili, na kati ya hospitali na kwetu kuna mteremko mrefu, na chini ya mteremko kuna daraja.

Nikamwambia Profesa asimame kwenye kona ya mtaa wetu na alale barabarani ikibidi, wakitokea njia ya nyuma. Hakubisha. Mimi nikashika spana nikatoka mbio, kwenye kona nikarukia bodaboda ya kwanza niliyoiona.

"Dada, taratibu," dereva akasema akiitazama spana. "Hicho chuma cha kumpiga nani?"

"Twende barabara ya hospitali. Kimbia. Baba na mama yangu wako kwenye gari, gurudumu halikukazwa."

Alinipa kofia ya abiria, kubwa, yenye kioo cheusi kinachofunika uso mzima, na hakuuliza tena kitu.

Watu hudhani anayejua magari haogopi sana. Waongo. Asiyejua angeogopa ajali tu, jambo moja, kubwa, lisilo na umbo. Mimi niliiona hatua kwa hatua. Nati iliyokazwa kwa vidole haitoki mara moja. Kwanza inalegea, gurudumu linaanza kucheza, linagonga. Usukani unatetemeka. Kisha nati moja inadondoka na hakuna anayeiona, halafu ya pili. Boliti zilizobaki zinabeba mzigo wa zote mpaka zinakatika. Gurudumu linaondoka peke yake, linakimbia mbele kuliko gari, na gari linapiga pua chini na kuvutwa upande ule ule. Kushoto. Darajani, upande wa kushoto kuna ukingo wa chuma unaofika magotini, na chini ni mawe. Hayo nimeyasema darasani mara ngapi, tena kwa mbwembwe, chaki mkononi. Sasa nilikuwa nimeikaba spana mpaka vidole vikafa ganzi.

Nilijipa moyo kwa jambo moja. Baba anasikia. Nyumbani tunamwita Daktari wa Milio, maana haipiti wiki hajasikia kitu garini: leo kunakwaruza, kesho kunapiga mluzi, keshokutwa kuna kitu kinalia kama kifaranga. Fundi analifungua gari lote, haoni kitu, na sisi tunacheka. Mara ya mwisho nilimwambia mbele ya fundi, "Baba, kinacholia ni masikio yako," na fundi akacheka mpaka akakaa chini. Huyo huyo Daktari wa Milio, nikajisemea, atasikia. Gurudumu likianza kugonga atasimama. Hawezi kukosa kusimama.

Tulipovuka sokoni nikaona watu wamejazana kando ya barabara, na katikati yao gari jeupe. La kwetu ni jeupe. Nilimpiga dereva mgongoni, nikashuka kabla hajasimama, nikapenya katikati ya watu kwa viwiko. Mkokoteni ulikuwa umepinduka na viazi vimetapakaa, na mwenye gari jeupe alikuwa kijana nisiyemjua, anabishana na mwenye viazi. Mama mmoja akaniuliza kama nina ndugu hapo, nikatikisa kichwa, nikarudi kwenye pikipiki.

"Si wao?" dereva akauliza.

"Si wao. Twende."

Tulivuka daraja. Nilitazama chini, kwenye mawe, ingawa niliapa sitatazama. Hapakuwa na kitu. Tukaanza kupanda, na karibu na kilele cha mteremko nikaliona gari letu linakuja, linateremka taratibu kwa heshima zake, na ndani yake kichwa cha mama cheupe kwa bandeji. Nikaliona na gurudumu. Lilikuwa linayumba waziwazi, linaingia na kutoka, kama kisahani unachokizungusha mezani kabla hakijalala.

"Geuza! Ndilo hilo! Geuza!"

Aligeuza pale pale, lori likatupigia honi na matusi juu. Tukawafuata mpaka tukafika usawa wa dirisha la baba. Nikapunga mikono yote miwili, nikapiga kelele: "Simama! Simama!"

Baba akageuka. Kwa macho yake aliona nini? Pikipiki, watu wawili, mmoja kafunika uso kwa kioo cheusi na chuma mkononi. Macho yalimtoka. Akakaza mikono kwenye usukani, akakanyaga mafuta.

Baba yangu, ambaye hajawahi kupita baiskeli bila kuomba radhi, alikimbia. Alikimbia kwenye mteremko ule, kuelekea daraja lile, kwa gurudumu lile, kwa sababu yangu. Hapo ndipo niliogopa kweli. Kabla ya hapo nilikuwa najifunza.

"Usimfukuze!" nikamlilia dereva. "Anatukimbia sisi!"

"Sasa nifanyeje, dada?"

Nikaivua kofia, nikaitupa, sijui hata iliangukia wapi. Spana nikaibana katikati ya mapaja. "Sogea upande wa mama," nikasema. "Kushoto, pembeni mwa barabara. Kwenye changarawe." Alinitazama kidogo tu, kisha akaingiza pikipiki kwenye changarawe, kati ya gari na mtaro. Gurudumu lilikuwa pale, karibu na mguu wangu, linagonga ko, ko, ko. Kioo cha mama kilikuwa wazi.

"Mama! Ni mimi, mama! Mwambie baba asimame! Polepole!"

Mama hakuona kitu. Hakuona kofia, wala chuma, wala pikipiki. Akageuza uso wake wa bandeji kwenye sauti yangu, kisha nikamwona ananyoosha mkono, anapapasa, anaushika mkono wa baba kwenye gia.

"Ni mtoto wetu," akasema. "Simama, mume wangu. Polepole."

Gari likapunguza mwendo, likateleza hadi pembeni, likasimama. Daraja lilikuwa mbele yetu, naweza kusema umbali wa kumrushia mtu kopo la maji. Sikusogea kuangalia zaidi.

Nati zilizobaki kwenye gurudumu lile zilikuwa mbili, na mojawapo niliitoa kwa kidole kimoja. Dereva wa bodaboda akapiga mbinja. Bila kuambiwa akashika jeki ya gari la mtu mwingine aliyesimama kutusaidia, tukainua, nikaazima nati moja moja kutoka magurudumu mengine matatu, nikazipachika. Nikashusha. Nikakaza kwa spana, nikapanda juu yake kwa mguu, nikakaza tena. Nilikuwa nalia na kukaza, na hakuna aliyenizuia.

Mama alikuwa ametulia kwenye kiti chake, mlango wazi, anauliza kila mara kama nimekula. Baba alikuwa amekaa kwenye jiwe ukingoni mwa barabara, suti na yote, vumbi limempanda mpaka magotini. Nilimwendea nikiwa na hasira, ile hasira inayokuja hofu inapotoka.

"Baba, hukusikia? Lilikuwa linagonga kama mtu anabisha hodi! Wewe unayesikia hata inzi kwenye buti! Hukusikia?"

"Nilisikia."

"Ulisikia lini?"

"Tangu langoni pa hospitali." Alikuwa anafuta kiatu kwa kidole gumba, na vumbi linabaki pale pale. "Nikamuuliza mama yako, akasema ni mambo yangu yale yale. Nikaona labda ni kweli."

"Ungesimama tu ukaangalia!"

"Nisimame, halafu kusiwe na kitu? Nimelipeleka gari kwa fundi mara ngapi, hakuna kitu. Mmecheka, nami nimecheka. Siku hizi nikisikia jambo, nangoja nione kama na mwingine analisikia. Kama hakuna anayelisikia, naliacha."

Alisema hivyo bila kinyongo, kama mtu anayeeleza njia ya kufika kwake. Hasira yangu yote ikayeyuka, na hofu ikarudi ikakaa mahali pake, nzito kuliko ya mwanzo. Nilimtazama. Kola ya shati ilikuwa imemlegea shingoni, na nilikuwa nimedhani ni shati kubwa. Nikakumbuka kwamba mwezi ule hakuwahi kumaliza chakula mezani, na tulimtania kwamba anamkumbuka mama.

Nikachuchumaa mbele yake.

"Baba. Kuna jambo lingine unalolisikia, ukaliacha?"

Akamtazama mama kule garini, kama anayehakikisha kwamba hasikii. Kisha akauchukua mkono wangu, mchafu kwa grisi vile vile, akaubonyeza tumboni mwake, chini ya mbavu, juu ya shati lake jeupe alilolipiga pasi.

"Hapa," akasema. "Na wewe unalisikia?"

Nilikuwa nalisikia. Lilikuwa gumu, kubwa kama yai, na halikusogea.

"Nalisikia, baba," nikasema. "Tunageuza gari. Tunarudi hospitali."