Hereni ya Ng'ombe Aliyekufa

Siku bwana mifugo alipokuja kuwavisha ng'ombe hereni za namba masikioni, mimi niliwaficha tisa korongoni, nikamwonyesha wawili tu, tena vibogoyo. Nilijua serikali ikihesabu mali yako leo, kesho inarudi na kodi. Shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, aliwatoa wote ishirini. Nikamwita mtoto mtiifu, yeye na mvi zake. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Mvua ikagoma misimu miwili. Serikali ikaleta mashudu ya bure ya kulishia mifugo, gunia moja kwa kila ng'ombe mwenye hereni. Wangu wawili wenye hereni walikuwa wameshatangulia kufa. Kati ya wale tisa wa kijanja akabaki Cheusi, mimba ya miezi minane, mbavu nje kama uzio. Kila asubuhi tulimnyanyua kwa gunia tulilompitishia chini ya tumbo, binti yangu mkiani, mimi kwenye pembe. Akifa huyo, zizi letu ni la kufugia upepo.

Hereni za wale marehemu wawili nilikuwa nimezitunza. Nikatoboa sikio la Cheusi kwa sindano ya kushonea magunia, nikamvisha moja. Hakutikisa hata kichwa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kituoni, kwenye ugawaji wa mashudu, bwana mifugo akasoma namba, akapekua daftari lake, akamtazama Cheusi, kisha akanitazama mimi.

"Bibi, huyu ameandikwa mwekundu, ana baka jeupe usoni, na hana meno."

"Njaa inabadilisha rangi, mwanangu. Hata mimi nilikuwa mweupe."

Foleni nzima ikacheka. Naye akacheka, nikadhani nimepona. Kisha akaikata ile hereni kwa koleo, polepole, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba, akaitia mfukoni. Akasema wapya wataandikwa mwezi ujao. Nikamuuliza kama habari za huo mwezi ujao ameshamwambia Cheusi. Akaita anayefuata.

Anayefuata alikuwa shemeji. Walimbakia kumi na wawili, akapewa magunia kumi na mawili. Mkokoteni wake ulipopita, Cheusi alisikia harufu, akaufuata hatua mbili, magoti yakakunjika. Binti yangu alivuta mkia, nami pembe. Hakuinuka. Nikakaa chini pale pale vumbini.

"Shemeji," nikasema, "nilikucheka."

"Nakumbuka." Alikuwa amesimamisha mkokoteni, anakaza kamba zake, hakugeuka. "Ulinicheka mbele ya wanangu."

Akakaza kamba ya mwisho. Halafu akaifungua tena, akatoboa gunia moja kwa kidole, akajaza kofia yake mashudu, akaiweka mbele ya pua ya Cheusi bila kunitazama.

Cheusi aliyanusa tu. Nikamtia kidogo mdomoni, yakamwagika. Basi nikamshika taya, nikaanza kutafuna mwenyewe, mdomo wangu mtupu usio na meno, uso kwa uso, nikimwonyesha inavyofanywa.