Sahihi kwa Maua ya Kengele

Mkemia aliitwa ofisini kwa mjomba wake, mwenye kiwanda cha dawa za kikohozi, akaikuta chupa mpya mezani. Lebo ilikuwa na ua la buluu lenye umbo la kengele, na chini yake maneno: Hutibu pumu. Watoto na watu wazima. Kilichobaki ni sahihi yake tu, yeye mkemia wa kiwanda.

Akairudisha kalamu mezani. Alieleza kwamba mizizi ya maua yale, ambayo ndiyo dawa yenyewe, ameihangaikia miaka, na hakuna anayeipenda kumshinda yeye. Kweli ilituliza uvimbe kwenye chembe hai alizokuza maabarani. Lakini kutoka kisahani cha maabara hadi kifua cha mtoto ni mbali, na kipimo salama bado hakijajulikana.

Mjomba akacheka, akasema hata chai ina kemikali. Kisha akalainisha sauti. "Mama yako alipofariki, nani alikulea? Damu nzito kuliko maji, mwanangu."

Mkemia akatoka, akarudi na mirija miwili ya kioo. Ndani mlikuwa na damu yake mwenyewe, imezimuliwa kwa maji ya chumvi, nyekundu yenye ukungu usiopenywa na jicho. Mmoja akautilia matone ya majimaji yaliyokamuliwa mizizi ile. Ukungu ukatoweka taratibu, mpaka akausimamisha mrija huo mbele ya chupa na maneno ya lebo yakasomeka kupitia humo; wa pili ulibaki na ukungu wake.

"Ni saponini, ile inayotoa povu kama sabuni. Imepasua chembe zote za damu. Huenda ikinywewa isifanye hivi. Huenda. Mimi 'huenda' siitilii sahihi."

"Yaani hunitii?"

"Leo sikutii, Mjomba, na sahihi sitii."

Mjomba akamnyang'anya ufunguo wa maabara, akasema wakemia wamejaa tele. Mkemia akajibu kwamba yeyote atakayetia sahihi, yeye atafika kwa wakaguzi wa dawa na mirija ile mkononi.

Hakuna mkemia aliyethubutu kutia sahihi, na chupa zilikwama ghalani hadi lebo zikabanduliwa. Mashangazi walimsema sana, eti asante ya punda ni mateke. Yeye akaomba meza katika chuo alichosomea, akaanza upya kutafuta kipimo, dirishani amepanga miche yake ya maua ya kengele.

Kwenye harusi ya binamu yake, mjomba alimpita kama hamwoni. Mkemia akamzunguka, akasimama mbele yake.

"Shikamoo, Mjomba."

Mkemia akarudia kwa sauti zaidi, meza za jirani zikageuka. Hakusogea mpaka mjomba, akitazama sahani aliyobeba, alipoitikia marahaba.