Jiwe Mkononi mwa Fundi

Marselina hakulipenda lile gemu, na anayesema alilipenda anamsingizia. Alilikuta mwenyewe ndani ya belo la mitumba ya watoto, katikati ya soksi zisizo na wenzake: kimashine cha kijivu cha plastiki, kaseti yake imechomekwa mgongoni. Wenzake wa soko la Kilosa walimwambia akiuze. Yeye akampelekea mumewe, kwa mzaha tu, maana Bonifas alikuwa amekaa ndani miezi minne akitazama mabati.

Bonifas alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, mpaka shamba lilipouzwa kwa mwekezaji na mwekezaji akaona mafundi ni wengi mno. Mwaka haukuisha, moyo wake ukaanza kuvimba. Daktari alisema hivyohivyo, umevimba, kama anayezungumzia mguu. Mwanamume aliyezoea kubeba vyuma akawa akitoka kitandani hadi mlangoni anahema.

Mzaha ukageuka kazi. Ndani ya gemu unatembea porini, unakamata wanyama wa ajabu, unawalea na kupigana nao. Bonifas alikamata mmoja mdogo mfano wa fuko, mwenye matope mgongoni, akamwita Fundi. Akamlea wiki kadhaa, na siku moja Fundi akang'aa kwenye kioo, matope yakawa gamba la chuma. Bonifas alipiga kelele mpaka Marselina akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani roho inatoka.

"Nusura uniue, Baba Loveth!"

"Amegeuka, Mama Loveth! Mtazame!"

Akatazama. Aliona kidude chenye gamba. Akarudi jikoni akisonya, lakini kimoyomoyo alifurahi, kwa sababu sauti ile alikuwa hajaisikia siku nyingi.

Tangu hapo kila jioni alifundishwa, atake asitake. "Usimwone mdogo," Bonifas alimwambia. "Pigo lake kubwa analipiga mara tano tu, kisha hoi mpaka apumzike. Mjinga atalimaliza njiani kwa vipanya. Mimi natanguliza mwingine amchoshe adui, Fundi anaingia mwishoni."

"Laiti ungejitunza hivyo wewe mwenyewe," Marselina alimjibu. Hakuwa anatania.

Shida ilikuwa lango la mwisho. Mlinzi wake alimpiga Fundi mara tisa, na mara tisa Bonifas akaanza upya. Ndipo ilipokuja barua ya Valentino, aliyekuwa naye karakana moja shambani, ambaye sasa alitengeneza redio Mikumi. Mtalii mmoja alimwachia kimashine cha aina ileile pamoja na waya wake. Valentino aliandika kwamba Fundi ana umbo la tatu, la mabawa, ila halipati kwa kupigana. Ni lazima apite kwenye waya aingie mashine ya mtu mwingine. Akifika ugenini anageuka, kisha mwenye mashine hiyo anaombwa amrudishe.

Bonifas aliisoma barua ile hadi ikachakaa. "Nikimwona na mabawa yake, basi," alisema.

Marselina hakuipenda ile "basi". Aliisikia usiku na mchana. Mikumi Bonifas asingefika, barabara ile ingemmaliza, na Valentino alisema ana kazi nyingi. Basi angekwenda yeye. Daktari alikuwa hana la kumpa mumewe. Walau hili lilikuwa linawezekana.

Bonifas alimchorea vitufe kwenye karatasi ya daftari la Loveth, binti yao, akaviandikia namba, moja hadi tisa. "Fuata hizi tu. Usiguse kingine."

Aliondoka alfajiri moja ya Machi na mkungu wa ndizi wa kumpelekea mke wa Valentino, maana huendi nyumba ya watu mkono mtupu. Basi lilinasa kwenye tope karibu na Zombo, abiria wakashuka kusukuma, na yeye akabaki ukingoni akikikumbatia kile kimashine ndani ya khanga. Akakiwasha kujikumbusha namba. Fundi akatokea, na kando yake kisanduku kidogo cha kitu alichoshika. Kilikuwa kitupu.

Jambo hilo lilimkera. Anapelekwa ugenini, kwa watu wasiomjua, kwenda kuomba mabawa, na hana hata kitu mkononi! Watasema katoka nyumba gani? Marselina alifungua mkoba wa gemu. Maandishi yalikuwa Kiingereza na yeye aliishia darasa la saba, lakini picha ziko wazi. Kulikuwa na chupa za dawa. Nyumba ya mgonjwa haigawi dawa. Kulikuwa na jiwe la mviringo, limeng'arishwa vizuri, moja tu. Akampa Fundi lile jiwe. Akajisikia ametenda kiungwana.

Valentino alimpokea vizuri, "karibu shemeji, pole na safari". Wakaunganisha waya. Zawadi huitangazi, mwenyeji ataiona mwenyewe, kwa hiyo Marselina hakusema. Fundi akapita kwenye waya, akafika upande wa pili, akasimama. Hakung'aa. Hakuota chochote. Valentino alikuna kichwa, akamrudisha, akamtuma tena. Hakuna. Basi la kurudi likaanza kupiga honi barabarani.

Njia nzima Marselina alilia, na hakujali nani anamwona.

Bonifas alikipokea kimashine, akabonyeza mara mbili tatu. Kidole gumba kilikaa juu ya kitufe kwa muda mrefu, halafu kikabonyeza kitu.

"Waya wa Valentino ni mbovu," alisema.

"Mbovu?"

"Mbovu kabisa. Wewe umefanya sawasawa, Mama Loveth. Tutajaribu tena mvua zikiisha."

Mvua hazikuisha. Mto Mkondoa ulifurika, barabara ikakatika, na wiki saba Marselina alimtukana Valentino kila alipowasha moto. Fundi redio gani anakaa na waya mbovu? Mtu amesafiri siku nzima! Bonifas alikuwa akisikiliza toka kitandani na kusema, "Msamehe tu, ni umaskini." Kisha angerudi kwenye mlinzi wake wa lango. Mara ya kumi na nne alishindwa tena, na ndiyo ilikuwa ya mwisho. Alifariki Jumanne moja ya Mei, mchana kweupe, wakati mkewe yuko sokoni anapanga masweta.

Valentino alikuja siku ya pili ya msiba. Alipanda lori mpaka barabara ilipokatika, akavuka kwa miguu. Kumtazama mgonjwa alikosa nafasi, ila msiba haukumshinda. Ndivyo tulivyo, na sijui tutaacha lini.

Watu walipopungua aliingia ndani, akakaa kwenye kigoda, akatoa kimashine chake na waya kwenye mfuko wa rambo. "Shemeji, kama hutojali. Nilimwahidi."

Marselina alitaka kumfukuza. Lakini hata kufukuza kunahitaji nguvu. Alikitoa kile cha Bonifas chini ya mto, akakiwasha. Fundi akatokea, kisanduku chake kitupu. Vidole vya Marselina vikaenda vyenyewe kwenye mkoba, kwenye lile jiwe.

Valentino akamshika mkono. "Usimpe jiwe, shemeji."

"Kwa nini?"

Mgeni wake aliinamisha uso. Akawa kama mtu aliyemwaga mboga ya watu.

"Jiwe lile," alisema mwishowe, "ndilo linalomzuia asigeuke. Sikuliona siku ile. Baba Loveth ndiye aliyeniandikia baadaye. Akasema nikubali kwamba waya ni mbovu, na nisikwambie mpaka yeye afe."

Nje wanawake walikuwa wanaosha sufuria. Marselina alisikia kila sufuria.

Akalirudisha jiwe ndani ya mkoba. Akamtuma Fundi mkono mtupu, kama mtoto asiye na kwao. Alifika upande wa pili akang'aa, kioo kizima kikawa cheupe, na gamba likapasuka yakatoka mabawa, mawili, mapana, ya chuma. Yalikuwa mazuri. Hata yeye aliyaona mazuri. Chini yake, mahali pa jina la aliyemlea, palikuwa pameandikwa BONIFAS.

"Nimrudishe?" Valentino aliuliza.

"Mrudishe."

Akarudi. Marselina alikishika kimashine magotini, na uchungu uliompanda haukuwa ule wa siku mbili zilizopita. Alikuwa na hasira na marehemu. Wiki saba alimwacha amtukane mtu asiye na kosa, naye alijua, akalala na lile jambo ubavuni mwake, akala uji wake, akamwita Mama Loveth kwa sauti ileile. Alitaka aamke. Alitaka aamke amgombeze kwa haki, amwambie, wewe mwanamke, nilikwambia usiguse kingine. Wanuniane siku mbili kama wenye ndoa, halafu yaishe.

Taa nyekundu ya betri ikaanza kufifia. Valentino akamwambia azime kabla betri haijaisha, asije akampoteza Fundi. Marselina hakuzima.