Ziwa Lisilovuliwa Samaki

Katika ofisi ya ramani, ghorofa ya pili, mkabala na choo kisichofungika, alifanya kazi mchora ramani ambaye wenzake walimwita Kontua, kama ile mistari ya miinuko kwenye ramani, kwa sababu ya makunyanzi ya paji lake la uso. Alikuwa amebakiza wiki tatu astaafu, na maishani mwake alikuwa na siri moja tu. Siri yenyewe ilikuwa ziwa.

Lilikuwa kaskazini mashariki mwa mji, la buluu, la duara. Duara kabisa. Mungu anapoumba ziwa hachukui bikari, na mtu yeyote mwenye macho angelitilia shaka. Lakini watu wa maofisini hawaisomi ramani, wanaiamini tu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Ukweli ni huu. Miaka kumi na tisa nyuma, Kontua aliweka kikombe cha chai juu ya karatasi ya ramani ambayo haijakamilika, akaenda dirishani kubishana habari za mpira. Aliporudi akakuta kikombe kimeacha alama. Akajiambia ataifuta baadaye, kisha akasahau, kwa kuwa timu yake ilikuwa imefungwa na alikuwa na mengi moyoni. Mtia rangi, mzee mmoja makini asiyependa maswali, akaiona alama ile na kuhukumu kwamba ni ziwa lililosahauliwa rangi. Akalitia buluu vizuri sana. Ramani ikachapwa nakala elfu tano. Kontua alipoliona ziwa lake jasho lilimtoka mpaka kwenye soksi, lakini akapiga kimya. Kule kulikuwa na vichaka na mbuzi wawili watatu. Nani angelalamika?

Shida ya binadamu ni kwamba hamsubiri mchora ramani. Barabara ya lami ilipita karibu na vichaka vile, watu wakaifuata barabara, maduka yakawafuata watu, na haikupita miaka saba ziwa likajaa nyumba za bati. Ramani mpya ilipotoka, ilinakiliwa kutoka ile ya zamani. Makarani wa sensa walipangiwa maeneo kwa kufuata ramani, na kwa kuwa hakuna karani anayetumwa kuhesabu maji, watu wale hawakuhesabiwa. Msongamano wa watu ukaandikwa sifuri. Na la kumtia mtu wazimu ni kwamba Kontua mwenyewe alikwenda kule na nyundo na misumari, akamjengea mama mkwe wake vyumba viwili katikati ya ziwa.

Mama mkwe alikuwa mkunga, si wa cheti, wa mikono. Mimba ikiwa ngumu alimshika mjamzito mkono, akatembea naye saa moja na nusu hadi zahanati iliyo ng'ambo ya reli. Kila Kontua alipokwenda kumwamkia, alimkuta akiisema serikali.

"Mkwe wangu, si uko hukohuko? Hebu waulize sisi tumewakosea nini."

"Nitawauliza, mama," Kontua alijibu miaka yote, kisha ghafla akakumbuka ana shughuli mjini.

Ndipo kikaja kikao cha kupanga mahali pa kujenga zahanati mpya. Ramani ilibandikwa ukutani. Mkuu wa ofisi, mwanamke kijana mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine utosini, alisimama mbele na rula.

"Zahanati inajengwa penye watu," alisema, akapiga rula upande wa magharibi, ambako zahanati tayari zilikuwa mbili. "Watu wako hapa. Huku ni ziwa. Tunaendelea?"

Kontua aliitazama ile buluu, akauona chini yake mlango wa mama mkwe alioupaka rangi kwa mkono wake. Moyo ulimuuma kwelikweli. Alijua rula ile ikishuka, zahanati imekwenda, na haitarudi tena yeye akiwa hai. Akanyanyua mkono.

"Hilo ziwa halipo."

"Limekauka?"

"Halikuwahi kuwepo. Ni kikombe changu cha chai."

Afisa uvuvi alisimama kama aliyekalia pini.

"Haiwezekani! Idara yangu inavua humo. Mwaka jana tumevua tani nne!"

"Za nini?" mkuu aliuliza.

"Za samaki."

"Samaki gani?"

"Wa kawaida," alisema afisa uvuvi, akakaa taratibu.

Mkuu alishusha rula. "Mzee wangu, unajua unalolisema? Nikiliandika hili kwenye muhtasari, hakuna sherehe ya kukuaga wala barua ya shukrani. Utaitwa kwenye kamati ya nidhamu, na uzee wako huo."

"Andika," alisema Kontua. "Wanaishi humo watu elfu moja mia sita na kitu. Nimewahesabu mwenyewe, nyumba kwa nyumba, nikijifanya nasalimia."

Mchana uleule walikwenda kuona. Mkuu alitembea katikati ya ziwa mpaka viatu vyake vikawa vyeupe kwa vumbi. Afisa uvuvi alikataa kushuka garini. Jioni karatasi ilikuwa imetiwa saini: zahanati itajengwa pale, jirani na bomba la maji.

Kontua alikimbia kumpa mama mkwe habari. Mama alipiga vigelegele vilivyowatoa majirani nje, akacheza kidogo, kisha akakaa kwenye kigoda kuvuta pumzi.

"Sasa niambie, mkwe wangu. Leo imekuwaje wakakubali?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa na uzoefu wa miaka kumi na tisa. Lakini alikuwa amechoka, akamwaga yote, kikombe, mpira, mtia rangi, akisubiri mama acheke.

Mama hakucheka.

"Mke wa fundi cherehani," alisema. "Alinifia mikononi pale relini, kichwa chake mapajani mwangu. Nilirudi nikamwambia mumewe ni mipango ya Mungu. Mpaka leo anaamini hivyo."

"Mama, nisamehe."

"Mimi nitakusamehe, wewe ni mume wa mwanangu, nitafanyaje? Lakini Mungu nilimsingizia. Nyanyuka. Fundi yuko kwake sasa hivi. Nenda ukamweleze mwenyewe."

Kontua alinyanyuka. Nyumba ya fundi ilikuwa ya nne, mkono wa kushoto. Alivua kofia, akabisha hodi, na cherehani ikanyamaza. Fundi akaja mlangoni mbiombio, uzi ukimning'inia mdomoni, akaushika mkono wa Kontua kwa mikono yake yote miwili.

"Karibu, mkwe wetu, karibu ndani! Nasikia ni wewe uliyetuletea zahanati."