Kuuomba Radhi Moyo

Niliota usiku wa jana nimeingia kwenye mtihani wa vitendo wa kupima moyo, na mgonjwa hakuja. Umekuja moyo wake peke yake, umevaa kanzu, umekaa kitandani unatikisa miguu.

Mtihani wenyewe ni wa leo. Nikifeli tena, cheti cha fundi wa vipimo vya moyo na mishipa nitakisikia kwa wenzangu, na mimi nitarudi kukaanga chipsi kibandani kwa shemeji.

Nikauamkia moyo kwa heshima. Vikaitikia vyumba vyake vyote vinne, kila kimoja kwa sauti yake. Cha juu kulia kikataka na habari za nyumbani.

Mashine ya kupimia, ambayo ndiyo msimamizi, ikakohoa. Nikapaka jeli. Mara niko ndani ya moyo, napiga hodi kwenye vali. Vali inafunguka, inajifunga, inafunguka. Koti langu limebanwa. Nikalivuta, nikajikuta nje tena, na mapafu mawili manene yamesimama mbele ya skrini kama majirani dirishani siku ya harusi.

"Yaambie yapishe," ikasema mashine.

"Samahani wazazi wangu, mtaniwia radhi, sijui kama itawezekana, kama hamtajali..."

Sijamaliza, yamejaa hewa. Skrini ikawa ukungu mtupu.

"Hata mara ya kwanza ulifeli hivi hivi," ikasema mashine bila hasira. "Mzee wa watu uliyempima alishindwa kuzuia pumzi, wewe bado unaomba radhi."

Ikaanza kuchapa matokeo. Karatasi ilitoka inanuka chipsi.

Roho iliniuma, nikasahau adabu zote. "Lala ubavu wa kushoto. Mkono chini ya kichwa. Toa pumzi. Shikilia hapo hapo."

Moyo ukalala. Mapafu yakajikunja, yakakaa pembeni. Vyumba vyote vinne vikaonekana wazi, na kile cha juu kulia kikanipungia mkono. Nikabonyeza kupiga picha, nikaamka.

Kumekucha. Shangazi Mwanahawa, ninayelala naye chumba kimoja, na ambaye hata marehemu mumewe hakuwahi kumwamrisha, amelala ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa. Midomo ameifumba, macho yamemtoka.

Akaniuliza puani kama anaruhusiwa.

"Pumua," nikamwambia. Shikamoo nilimpa baadaye.