Sura ya Tisa Iliyobanwa Pini

Bujiku hakuwa na adabu kwa wakubwa, na Nyarugusu nzima ilijua. Mkewe Noela alikata roho njiani, akipelekwa hospitali kwa pikipiki, wakati gari la wagonjwa limelala kwa kukosa mafuta na magari ya waheshimiwa yanapita yakitimua vumbi. Tangu siku hiyo Bujiku hakumwamkia tena mtu mwenye kiti cha kuzunguka.

Alipoitwa shuleni alikwenda na vumbi la karasha mwilini, makusudi. Kazi yake ni kusaga mawe ya dhahabu, acha waione.

Mwalimu Festo, mkuu wa shule, hakumkaribisha kiti. Mezani alikuwa ametandaza pini za stepla zilizopinda, kama ushahidi wa mauaji.

"Baba Salome, tulibana sura ya tisa ya riwaya moja ya maktaba, wasichana wasiisome. Binti yako kazing'oa pini kwa bikari. Kitabu chenyewe bado kakificha. Kasoma uchafu!"

"Uchafu gani, mwalimu?"

"Siwezi kuutamka mbele ya mzazi."

"Basi uambie ukuta. Mimi nitasikiliza pembeni."

Clemens, aliyeketi kando, mjumbe wa bodi ya shule na mwenye karasha lile lile analofanyia kazi Bujiku, akacheka puani. "Darasa la nne lenyewe hukumaliza, riwaya utaijulia wapi? Kesho mstarini mtoto apande jukwaani, akabidhi kitabu, aseme ni kibaya, aombe radhi. Na wewe usimame pembeni yake. Akikataa, shule hana."

Salome alikuwa kidato cha tatu. Noela alilima mpunga wa watu ili mtoto huyu afike hapo.

Jioni Bujiku alitaka kujua kinachoogopwa na wenye shule ni kitu gani. Lakini Msukuma haongei mambo ya mwili na binti yake aliyekwisha kuvunja ungo. Hiyo kazi ya mama, au shangazi. Mama yuko kaburini. Shangazi yuko Ushetu kwenye tumbaku. Basi akabeba kigoda nje, akaketi akiupa ukuta mgongo. Salome akabaki ndani, dirishani, akasoma kwa sauti.

Sura ilimhusu msichana wa shule anayepewa lifti na tajiri mmoja. Kwanza lifti, kisha chipsi, kisha simu. Mwisho ni mimba, na wazee wanakula mbuzi wa kumaliza maneno, wanafuta midomo, aibu wanamwachia msichana. Mahali fulani Bujiku alikohoa, msomaji akanyamaza.

"Endelea, ng'wanawane, mwanangu. Nimepaliwa tu."

Ilipokwisha, aliuliza bila kugeuka, "Kuna mtu amewahi kukupa lifti?"

Salome akafunga kitabu. "Alitaka, baba. Mara tatu. Nilipoisoma hii ndiyo nikakataa, nikaanza kurudi kwa miguu na kina Dorika wa darasani."

"Nani?"

"Bosi wako."

Asubuhi Salome alipanda jukwaani, kitabu mkononi.

"Sema!" Mwalimu Festo akaamuru.

"Pini nilitoa mimi. Kitabu si kibaya."

Miguno ikapita mistarini. Mwalimu akainua fimbo. Bujiku akapanda, akasimama katikati yao. Ulimi ulikuwa mzito: binti yake yuko hapo, uso kwa uso, na ukuta haupo.

"Wanangu," akasema, "sura ya tisa ina msichana kama ninyi."

Akaisimulia kwa Kiswahili chake cha machimboni. Alipofika mahali ambapo jana alikohoa, alimtazama Salome machoni, akataja mwili kwa majina yake, akataja mimba inavyoingia na anayeikimbia. Jasho lilimtiririka. Mvulana mmoja alicheka, wasichana wakampiga viwiko.

"Mnasema hawa ni wadogo wa kusoma," Bujiku akawageukia wakubwa. "Mbona wenye magari hawawaoni wadogo?"

"Shuka!" Clemens akafoka. "Na karasha langu usikanyage tena!"

"Hadithi ya kubuni hii, bosi. Imekuchoma wapi?"

Hapo hata walimu wawili walitazama chini ili wasionekane wakicheka. Mwalimu Festo akanyoosha mkono apewe kitabu. Salome akamruka, akampa Dorika wa mstari wa mbele. Dorika akampa wa nyuma yake, kikazama katika sketi za bluu, kila aliyeulizwa akionyesha viganja vitupu.

Salome alifukuzwa papo hapo hadi bodi ikae. Walitoka getini wawili, baba amebeba begi.

"Baba, umeruka kipande. Pale mama wa yule msichana anapowafuata wazee peke yake."

Bujiku akahamishia begi bega la pili. "Hicho nitakimalizia Jumatatu, mstarini."

"Lakini tumefukuzwa."

"Wamekufukuza wewe. Mimi hawakuniandikisha pale, watanifukuzaje?"